Safu ya Maelezo

Kitabu changu cha saa kina safu nyingi:
tarehe, aina ya ndege, niliporukia, nilipotua,
saa za mchana, saa za usiku, saa nilizoongoza mwenyewe.
Mwisho kabisa, pembeni, ipo safu nyembamba ya maelezo
ambayo wenzangu huiacha tupu.
Mimi yangu naijaza kwa penseli.

Soroti, mwezi wa pili, vumbi hadi kwenye meno.
Saa ya kwanza hadi ya tisa: Engole.
Alikuwa na paji jeupe na alikataa kuvuka maji.
Mnunuzi alikuja na lori kutoka Mbale.
Baba akahesabu noti mara mbili, kisha ya tatu,
si kwa kutomwamini mtu,
bali ili lori liondoke yeye akiwa ameinamisha kichwa.

Saa ya kumi hadi ya kumi na saba: Epus, wa kijivu,
mwenzake kwenye nira.
Maksai mmoja halimi, mama alisema,
basi na huyu naye aende akasome.

Usiku tulikariri kwa tochi:
mgandamizo wa hewa, barafu kwenye mabawa.
Barafu! Teso!
Tulicheka hadi mlinzi akagonga dirisha.

Siku moja, juu ya mwamba wa Soroti,
Mwalimu Adriko alivuta mkono wa injini hadi nyuma kabisa,
akaniuliza kwa upole, kama anayeomba chumvi:
"Sasa tunakwenda wapi?"
Chini palikuwa na shamba la mihogo, barabara, uwanja wa shule,
na watoto waliouacha mpira wao watutazame.
Nikachagua mihogo.
"Vizuri. Ila mwenye mihogo angetudai fidia."
Akairudisha sauti ya injini, nami pumzi.

Kutua ndiko kulikonishinda.
Wiki tatu nilikidundisha kile kindege kama mchi kinuni.
"Unatazama nini?"
"Ardhi."
"Ardhi ipi?"
"Hii iliyo mbele ya pua."
Akanyamaza. Na ndani ya kimya chake nikamsikia baba:
nina miaka minane, miguu mitupu, kamba ya nira mkononi,
natangulia maksai, na mfuo nyuma yetu
umepinda kama mkojo wa ng'ombe atembeaye.
"Wewe Asekenye! Usitazame kwato.
Tazama kichuguu kule mwisho wa shamba.
Kwato zitajijua zenyewe."

Sasa ni Entebbe. Sasa ni jeti.
Abiria sitini na wanane,
mtoto mmoja analia tangu Nairobi.
Kapteni Tibesigwa yuko kushoto,
jina ambalo kwao maana yake ni "hawaaminiki",
naye ameweka mikono yote miwili mapajani
nione kwamba haipo kwenye usukani.
Ni safari yangu ya kumi na moja ya mafunzo nikiwa na watu nyuma.
Hawajui. Wanatafuna karanga.

Ziwa limetanda, visubi wanapanda juu yake kama moshi.
Futi mia tano. Mia tatu.
Mnara unasema: kaloli, kundi, katikati ya njia.
Nawaona, wamesimama na makoti yao
kama mawakili wanaosubiri kesi iitwe.
Mkono unasukuma kabla mdomo haujasema:
"Tunapaa tena."
Pua juu, magurudumu ndani, mgongo unazama kitini,
na kule nyuma mtoto ananyamaza kwa mshangao.
Tibesigwa anaujibu mnara.
Hanisifu. Mikono inarudi mapajani.

Tunazunguka juu ya visiwa
kama kugeuza maksai mwisho wa mfuo:
kwa upana, bila pupa, la sivyo nira huvunjika.
Kisha njia tena, ndefu, nyeusi, imelowa,
na gari la uwanja likimfukuza kaloli wa mwisho.

Sikutazama kwato.

Usiku, chumbani Kitooro, nachonga penseli.
Maelezo: Omeri.
Huyu hakuuzwa. Analima na maksai wa jirani,
hawaelewani,
na baba ananiambia kwa simu kwamba mfuo unapinda,
unapinda vibaya sana, mwanangu,
hakuna wa kutangulia.